Kahawa ya nafaka imegoma? Rudi kwenye kikaango

Kikombe cha kwanza cha shayiri niliyoikaanga mwenyewe nilimpa mzee mmoja wa barazani kwetu Tanga, ambaye daktari alimkataza kahawa kwa ajili ya mapigo ya moyo. Akapiga funda moja, akachungulia ndani ya kikombe, akaniuliza: "Mwanangu, kahawa hii imefiwa?"

Hakukosea. Rangi ilikuwa ya chai iliyokamuliwa mara ya pili, harufu ya moshi, na ulimini ulibaki unga mbichi. Makosa matatu kwenye kikombe kimoja, na yote nilikuwa nimeyafanya kwenye kikaango kabla sijabandika maji. Siku hizi mtu akiniletea malalamiko ya kahawa ya nafaka, simuulizi alichemshaje. Namuuliza alikaangaje.

Ninaposema kahawa ya nafaka nina maana ya shayiri, ngano, mahindi, mtama au ulezi uliokaangwa na kusagwa. Soya si nafaka, ni jamii ya kunde, lakini inaingia kikaango kilekile kwa hiyo nitaitaja. Hakuna hata moja kati ya hizi yenye kafeini ya asili. Matatizo nimeyapanga kwa namna watu wanavyoyalalamikia.

"Chungu, inakwaruza koo, inanuka moshi"

Imeungua. Kwa nini imeungua ndilo swali, na jibu utalipata kwenye sahani nyeupe. Mwaga kiganja kimoja cha punje ulizokaanga, uzitawanye. Zikiwa zote nyeusi, moto ulikuwa mkali au ulizidisha muda. Zikiwa mchanganyiko wa nyeusi na za manjano, moto haukuwa kosa pekee: punje hazikulingana, kikaango kilijaa mno, au mwiko ulipumzika.

Wengi wanaokaanga mara ya kwanza wanafuata rangi ya buni. Buni ya kahawa ina mafuta mengi, inaweza kwenda mbali kwenye weusi na bado ikanywewa. Shayiri ina mafuta asilimia 2 hivi, sehemu kubwa ya punje ni wanga, na wanga ukipita kahawia iliyoiva unakuwa mkaa. Rangi ya kulenga ni ile ya mbegu ya ukwaju. Ukifika hapo, simama.

Tena simama kabla kidogo ya hapo, maana sufuria nzito ikiipuliwa bado ina moto wa kukaangia dakika mbili nzima. Mimi naweka sinia tayari pembeni kabla sijaanza. Zikikaribia rangi namwaga zote kwa mpigo, natandaza, napepea kwa ungo mpaka zipoe. Aliyeziacha sufuriani akaenda kupokea simu atarudi akute nyingine.

Kwenye jiko la mkaa, funika makaa kwa majivu kidogo ili moto utulie. Kwenye gesi, moto wa chini ya wastani. Kaanga gramu 300 kwa mara moja kama sufuria yako ni ya kawaida ya nyumbani, na tegemea dakika 20 hadi 25 za kukoroga bila kuacha. Kabla ya yote pepeta na chekecha, utoe chenga na punje zilizovunjika. Hizo ndizo zinazotangulia kuungua, na harufu yake inaingia kwenye zile nzima.

Zilizoungua chache unaweza kuzichambua kwa mkono. Zikiungua zote, wape kuku kama watazitaka. Sukari na maziwa havifichi moshi, vinautafutia kampani tu.

"Nyepesi, kama maji ya kuoshea sufuria"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina visababishi vingi, kwa hiyo tulia nalo.

Anza na meno. Chukua punje moja iliyopoa, ipasue katikati, uangalie ndani. Ukiona kiini cheupe kama chaki, moto wako uliunguza ganda ukaacha moyo mbichi. Punje iliyoiva sawasawa huvunjika kwa mlio mkavu kama bisi ambalo halikulipuka, na ndani yake ni kahawia mpaka katikati. Dawa ni moto mdogo na muda mrefu. Zile zenye kiini cheupe unaweza kuzirudisha jikoni kwa moto wa chini kabisa dakika kumi. Zinaokoleka.

Kama ndani ni kahawia na bado kikombe hakina kitu, angalia kipimo. Kijiko kimoja cha chai hakitoshi. Weka kijiko cha chakula kilichojaa, gramu 8 hadi 10, kwa kikombe cha mililita 250. Halafu angalia muda. Kumwagia maji ya moto na kuchuja papo hapo, kama wanavyofanya na kahawa za chujio, hakutoi ladha ya nafaka. Nafaka inataka kuchemka dakika tano hadi kumi, kisha ikae imefunikwa dakika tano nyingine. Hapa sisi wa pwani tuna bahati, tumezoea kahawa ya kuchemshwa kwenye dele. Fanya hivyohivyo.

Kipimo ni sahihi, muda ni sahihi, bado? Basi uliza ulinunua shayiri gani. Ile nyeupe, ya mviringo, inayouzwa kwa ajili ya supu na shurba za Ramadhani imekobolewa, maganda na pumba vimeondolewa. Inakaangika, lakini ladha yake ni ya upole mno. Tafuta shayiri nzima yenye ganda lake. Tanzania inalimwa nyanda za juu za kaskazini, pande za Arusha na Kilimanjaro. Kenya ni Narok, Timau na maeneo ya Mau. Nyingi huishia kwenye viwanda vya bia, lakini wauza nafaka wa masoko makubwa huipata ukiagiza. Usipoipata, ngano nzima inafanya kazi nzuri.

Sasa kuna njia moja inayobadilisha kila kitu, nayo ni kimea, yaani nafaka iliyochipushwa ikakaushwa. Wachaga wanaopika mbege na wote wanaotengeneza togwa wanakijua tangu utotoni, ila wachache wanafikiria kukikaanga. Punje ikichipua, vimeng'enya vyake vinaanza kuvunja wanga kuwa sukari. Sukari hiyo ikikutana na protini kwenye moto ndipo inapozaliwa ile harufu ya mkate uliookwa na rangi nzito. Punje isiyochipua ina sukari kidogo ya kuanzia, ndiyo maana inachosha mkono na inatoa haba.

Loweka shayiri au ngano usiku kucha. Asubuhi chuja maji, tandaza kwenye chujio pana, funika kwa kitambaa kibichi, suuza mara mbili kwa siku. Siku ya pili au ya tatu vimizizi vitakuwa na urefu sawa na punje. Anika juani mpaka ikauke kabisa na iwe nyepesi mkononi, kisha isugue kwa viganja vimizizi vidondoke, upepete. Ikaange kwa moto mdogo kuliko kawaida na uilinde kwa macho, maana sukari inawahi kuungua: dakika 12 hadi 15 zinatosha. Hii si akili yangu. Miaka ya 1890 kampuni ya Kathreiner ya Munich ilikuwa inauza kahawa ya kimea cha shayiri yenye jina na picha ya padri Sebastian Kneipp, mtu wa tiba za maji, na Wajerumani wameinywa vizazi kwa vizazi.

Asiye na subira ya kuchipusha atumie mlango wa nyuma: pumba na molasi. Mwaka 1895 C. W. Post wa Battle Creek, Michigan, alianza kuuza Postum, na ndani yake kulikuwa na ngano, pumba za ngano na molasi. Kwetu sukari guru inakaa mahali pa molasi bila ubishi. Yeyusha vijiko viwili vya chakula kwa maji kidogo, changanya na vikombe viwili vya pumba safi za ngano, kausha kwenye sufuria kwa moto mdogo huku ukivunjavunja mabonge mpaka iwe kahawia nzito na ikauke. Changanya sehemu moja ya hiyo na sehemu tatu za nafaka uliyokaanga. Kikombe kinapata mwili.

"Inakuwa nzito, inanata, imegeuka uji"

Wanga ukipata maji ya moto huvimba. Ndivyo uji unavyopikwa. Kukaanga kwa muda mrefu huuvunja wanga ule vipande vifupi ambavyo haviwezi tena kuvimba namna hiyo. Kwa hiyo kahawa inayonata inakwambia kitu kilekile kilichosemwa na kile kiini cheupe: ndani hakukuiva.

Sababu ya pili ni kusaga. Blenda ya nyumbani ukiiachia dakika tatu inatoa unga laini kama wa sembe, na unga laini utafanya uji hata kama umekaanga vizuri. Saga kwa kuigusagusa swichi, mpaka upate chenga ndogo kama semolina. Chekecha, ule unga mwembamba uweke kando. Mimi nautia kwenye uji wa asubuhi, unaupa harufu nzuri.

"Mashapo yamejaa kikombe"

Usichuje moto moto ukikimbizana nayo. Ipua, iache itulie dakika tano, mimina taratibu, acha kidole kimoja cha chini. Chujio la chai peke yake halitoshi. Weka kitambaa cha pamba.

Au acha kusaga kabisa. Wajapani wana mugicha, Wakorea wana boricha, zote ni shayiri iliyokaangwa, na kwa kawaida huchemshwa punje nzimanzima bila kusagwa. Gramu 30 hadi 40 kwa lita moja ya maji, dakika 10 hadi 15 kwenye moto mdogo, chuja, basi. Haina mashapo, hainati. Japani huinywa baridi majira ya joto, na kwa joto la Tanga la mwezi Februari sioni kwa nini tuwaachie peke yao.

"Haifanani na kahawa"

Haitafanana. Povu, mafuta yanayoelea, ule ukali unaopanda puani, vyote hivyo ni vya buni. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 hadi 1865, watu wa Kusini waliokosa kahawa walikaanga rai (nafaka ya jamii ya ngano), mbegu za bamia, hata viazi vitamu, na hawakumdanganya mtu. Huko Ghuba wapo wanaokaanga kokwa za tende, nazo zina ladha yao wenyewe. (Kokwa za tende usizijaribu kwenye blenda ya nyumbani. Zina ugumu wa changarawe.)

Unachoweza kufanya ni kuisogeza karibu na kumbukumbu ya kahawa. Tangawizi kavu iliyopondwa, iliki mbili, kipande cha mdalasini, vichemke pamoja na nafaka. Mnywaji wa pwani nusu ya kahawa anayoikumbuka ni viungo hivyo na kashata pembeni. Mzee wangu alipopewa ya kimea yenye tangawizi hakuuliza tena habari za msiba.

Usitie kakao kutafuta uchungu kama lengo ni kukimbia kafeini. Kakao inayo, ingawa kidogo.

"Ina harufu ya ajabu"

Harufu hizi zina uzito tofauti, usizichanganye.

Harufu ya mafuta yaliyooza, kama karanga za mwaka jana, ni ya soya au mahindi. Soya ina mafuta karibu asilimia 20, na ikishasagwa hewa inaanza kuyaharibu mara moja. Hifadhi ikiwa nzima, saga ya wiki moja. Mahindi yana mafuta machache lakini kiini chake nacho hugeuka. Shayiri na ngano huvumilia zaidi.

Harufu ya maharage mabichi kwenye soya ni kutoiva. Chemsha soya dakika 20 hadi 30 kwanza, sugua maganda yatoke, anika ikauke kabisa, ndipo ukaange. Wasabato wa Upareni, ambako kanisa lao liliingia mwaka 1903, na Wasabato wengine wengi hawanywi chai wala kahawa kwa mafundisho yao, na soya ni kinywaji kinachojulikana majumbani mwao. Ukiwa na jirani Msabato, mwombe mama mwenye nyumba akuonyeshe anavyofanya. Utajifunza zaidi ya hapa. Tena uzi huu wa Wasabato unarudi hadi Battle Creek ya Postum: Post mwenyewe alilazwa mwaka 1891 kwenye sanatoriamu iliyoongozwa na daktari John Harvey Kellogg, iliyoanzishwa na Wasabato, na wagonjwa wa pale walinyweshwa kinywaji cha nafaka badala ya kahawa.

Harufu ya uvundo au ukungu, hapo acha mzaha. Tupa. Mahindi yaliyopata ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na moto wa kikaango huipunguza tu, hauimalizi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa kati ya wilaya zilizoathirika zaidi, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Watu wengine wanadhani kukaanga mpaka nyeusi ni kusafisha. Si kusafisha. Na usiyape mifugo pia, sumu inapita hadi kwenye maziwa.

Jingine la kutupa ni mbegu za kupandia. Zile zenye rangi nyekundu, waridi au kijani kutoka duka la pembejeo zimepakwa dawa. Hazioshwi zikawa chakula.

"Unga umegandana"

Unyevu tu. Nafaka iliyokaangwa imekauka kuliko hewa ya pwani, kwa hiyo inanyonya. Mtungi wa kioo wenye mfuniko unaobana, kijiko kikavu, na usichote juu ya birika linalofuka mvuke. Bonge likivunjika kwa kidole na harufu ni nzuri, irudishe kwenye sufuria kavu dakika mbili. Likiwa na madoa au uvundo, rudi aya mbili juu.

"Tangu nihamie nafaka, kichwa kinaniuma"

Nafaka haina kosa hapa. Ni kahawa uliyoiacha inayodai. Kwa aliyezoea kafeini kila siku, maumivu ya kichwa, uchovu na hasira huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, na yanaweza kuendelea siku mbili hadi tisa. Ukiweza, usikate kwa panga. Siku tatu changanya robo nafaka na robo tatu kahawa, siku tatu nusu kwa nusu, siku tatu robo ya kahawa, kisha nafaka tupu. Angalia pia dawa unayonywa kwa kichwa hicho, kwa sababu baadhi ya vidonge vya maumivu vimechanganywa na kafeini. Kichwa kikizidi siku kumi, hilo ni la daktari.

"Tumbo linajaa gesi"

Kama ni soya, kuna uwezekano mkubwa haikuiva. Kama ni pakiti ya kununua kutoka nje, tazama kama ina chikori. Mizizi hiyo ina nyuzinyuzi ziitwazo inulini, na tumbo lisilozizoea hulalamika. Kama ni shayiri, ngano au rai na tumbo linauma kila unapokunywa, pengine kila unapokula mkate pia, fikiria gluteni, protini ya ngano na jamii yake. Zote tatu zinayo na kukaanga hakuiondoi. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake hudhuriwa na gluteni, atumie mahindi, mtama au ulezi, na sufuria isiyokaangiwa ngano.

"Nimeacha kahawa, lakini usingizi bado haupatikani"

Hesabu kwanza vingine unavyokunywa. Chai ya rangi ina kafeini, soda za kola zinayo, na hata kahawa iliyotolewa kafeini hubakiwa na miligramu chache. Mwili wa mtu mzima huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini, na mjamzito huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo kikombe cha chai cha saa kumi na moja jioni bado kimo mwilini saa nne usiku.

Kisha geuza pakiti. Mimi wiki mbili nzima nilikuwa nakunywa usiku unga niliouziwa dukani kwa jina la kahawa ya nafaka, nikikodoa macho dari mpaka adhana ya alfajiri. Nilimlaumu mbu, nikalaumu godoro. Siku moja nikavaa miwani kusoma viambato, maandishi madogo kama mayai ya chawa: shayiri, ngano, na mwishoni kabisa, kahawa asilimia 15. Neno kubwa la mbele halikuwa uongo, nafaka ilikuwemo. Tafuta pakiti inayosema waziwazi haina kafeini, au ile ambayo viambato vyake vyote unaweza kuvinunua sokoni kwa debe.